Pio Gama Pinto: fundi wa kura aliyefungwa Manda, akauawa langoni kwake Westlands

Mwezi uliopita nilikuwa Nairobi kwa shughuli ya kifamilia, nikafikia Loresho kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Kijana amesoma, ana kazi ya kueleweka, na tangu harufu ya uchaguzi ianze kunukia amepata kibarua cha pembeni: anampangia mikakati ya kampeni mgombea mmoja ambaye sitamtaja. Usiku, baada ya isha, alinifungulia kompyuta akanionyesha wadi kwa wadi, kituo kwa kituo, nani hutoka kupiga kura na nani hulala nyumbani. Akaniambia kwamba kazi hii zamani haikuwepo, zamani ilikuwa ngoma na leso tu.

Sikumjibu usiku ule. Asubuhi tukateremka mjini kwa barabara ya Lower Kabete, na tulipokaribia Westlands nikamuuliza kama anajua ni nani aliyekuwa akikaa barabara hii mwaka 1965. Hajui. Anaipita kila siku ya kazi, lakini hajui. Nikamtajia jina: Pio Gama Pinto. Akadhani ni mchezaji mpira wa Ureno.

Simlaumu. Sisi watu wa Pwani ndio tuliokuwa na haki ya kumjua Pinto kabla ya watu wa Nairobi, maana alikaa kwetu miaka, tena si kwa hiari yake. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye baraza nyingi za Lamu na Mombasa, nimesikia majina ya kila aina yakitajwa, la kwake sijalisikia hata mara moja. Basi leo nieleze ninayoyajua, kwa ajili ya mpwa wangu na kwa ajili ya wengine wanaodhani kwamba fundi wa kampeni ni mtu aliyezaliwa na simu mkononi.

Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927. Wazazi wake walikuwa Wagoa, watu wa Goa iliyokuwa chini ya Wareno, na baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Wagoa wa wakati ule wengi wao walikuwa makarani: walijaza afisi za serikali, posta na reli, wakavaa suti safi, wakaenda kanisani Jumapili, na siasa hawakuigusa kwa sababu mshahara ulitoka kwa Mwingereza. Mtoto alipofika miaka minane alipelekwa India kusoma. Alikaa huko takriban miaka tisa shuleni na chuoni, akaingia kwa muda katika jeshi la anga, kisha akapata kazi katika posta na simu za Bombay. Hapo ndipo alipoonja mgomo wa wafanyakazi kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo alipojiunga na Wagoa waliotaka Mreno aondoke kwao. Wareno walipoanza kuwasaka watu wa namna yake, akapanda meli kurudi Kenya. Ilikuwa 1949, naye ana miaka 22.

Nairobi aliyoikuta ilikuwa mji uliogawanywa kwa rangi kama sahani ya sinia. Upande wa magharibi, milima ya kijani na nyumba zenye bustani, ulitengewa Wazungu. Wahindi walikuwa Ngara, Pangani, Parklands. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye vyumba vya kupanga vya manispaa. Mshahara nao ulifuata rangi, hata kwa kazi ile ile. Pinto alifanya kazi za ukarani kidogo, lakini muda wake mwingi aliumalizia Desai Memorial Hall, jumba lililokuwa maskani ya siasa za Wahindi, na katika gazeti la Daily Chronicle. Akawa katibu wa Bunge la Wahindi wa Afrika Mashariki, lile lililoitwa Congress. Wakati huo Makhan Singh na Fred Kubai walikuwa wameunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Makhan Singh alikamatwa Mei 1950 na hakuonja uhuru tena mpaka 1961, na sehemu ya kazi iliyobaki mezani ikamwangukia kijana huyu.

Alichokifanya Pinto miaka ile si kitu cha kupigiwa makofi. Aliandika barua za watu wasiojua kuandika Kiingereza cha serikali. Alitayarisha malalamiko ya ardhi yapelekwe kwa wakubwa. Alipiga chapa, alirudufu karatasi, alizigawa. Alijua nani ana gari na nani ana petroli. Alikaa na watu wa KAU, chama cha Waafrika, bila kutaka cheo: Joseph Murumbi, J. D. Kali, na Muinga Chokwe, mtu wa Pwani ambaye baadaye, 1963, alikuwa Spika wa kwanza wa Seneti ya Kenya. Wakati ambapo Mhindi na Mwafrika hawakunywa chai meza moja mjini, hawa walikutana usiku na kuandika pamoja.

Ikaja hali ya hatari, Oktoba 1952. Kenyatta na wenzake watano wakakamatwa na kupelekwa Kapenguria, mbali makusudi, pasipo hoteli wala simu ya maana. Kesi kama ile haiendeshwi na wakili peke yake. Lazima awepo mtu wa kutafuta mawakili, kutafuta fedha za tikiti zao, kutafuta mashahidi na kuwahifadhi. D. N. Pritt alitoka London, Chaman Lall akatoka India, H. O. Davies akatoka Nigeria, na mawakili wa hapa kama Fitz de Souza, A. R. Kapila na Jaswant Singh wakaungana nao. Pinto na Murumbi walikuwa nyuma ya pazia la mipango ile. Wenzake walieleza baadaye kwamba aliwasaidia pia wapiganaji wa msituni kwa fedha na vifaa. Serikali nayo iliamini hivyo.

Januari 1954 alimwoa Emma Dias. Aprili jeshi likaizingira Nairobi katika msako walioupa jina la Anvil, maelfu kwa maelfu ya watu wakachukuliwa. Juni mwaka huo zamu ikamfikia Pinto. Ndoa ilikuwa na miezi mitano.

Hapa ndipo anapoingia kwetu.

Walimpeleka Takwa, kisiwa cha Manda. Msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa Takwa, lakini wa Mombasa na Kwale nitamkumbusha. Ni magofu ya mji wa Waswahili uliohamwa zamani, wenyewe wakavuka wakaenda kukaa Shela. Upo msikiti, lipo kaburi la nguzo lenye tarehe ya miaka ya 1681 na 1682 ya Kizungu, na mpaka leo watu wa Shela huenda pale kuomba dua ya mvua. Ukitaka kufika kwa chombo lazima usubiri maji kujaa, maana mkono wa bahari unapita katikati ya mikoko na maji yakitoka unakwama kwenye tope. Maji ya kunywa Manda ni shida tangu enzi. Mkoloni aliangalia ramani akaona mahali pazuri pa kuwaficha watu: bahari ni ukuta, mikoko ni ukuta wa pili.

Kambi ile ilikuwa ya wale walioitwa sugu, viongozi na watu wenye kalamu. Achieng Oneko alikaa hapo. Gakaara wa Wanjau alikuwa hapo, naye aliandika shajara ya siri ambayo baadaye ikawa kitabu na kushinda tuzo ya Noma mwaka 1984. Pinto alikuwa Mwasia katikati ya Waafrika, na serikali ilikuwa na desturi ya kugawa hata chakula cha kifungoni kwa rangi. Yeye akawa karani wa wafungwa wenzake. Aliwaandikia barua na rufani, akachukua habari zao na kutafuta njia ya kuzitoa nje. Baba yake alikufa yeye akiwa kizuizini, na hakupata kumuona.

Nimewahi kufikiria jambo hili nikiwa nimekaa ufukweni Shela jioni, ng'ambo kule Manda pakianza kuingia giza. Wazee wetu waliokuwa wakivua na kukata boriti mle mikokoni waliiona kambi ile. Walijua kuna watu wa bara wamefungwa. Lakini siasa za bara zilionekana kwao ni moto wa jirani, na sisi tulikuwa na yetu: bendera ya Sultani, ukanda wa maili kumi, nani atatawala Mwambao Mwingereza akiondoka. Watu waliofungwa mlangoni kwetu walikuwa wakijifunza kuendesha nchi ambayo baadaye tungejikuta ndani yake.

Kutoka Manda alihamishiwa Kabarnet, Baringo, akakaa chini ya amri ya kutotoka. Emma aliruhusiwa kuungana naye. Mwaka 1959 akaachiliwa kabisa.

Sasa ndipo kazi ya fundi wa kura inapoanza, na hapa nilimtaka mpwa wangu asikilize vizuri.

Mkutano wa Lancaster House wa mwanzo wa 1960 ulitoa katiba ya kuelekea uchaguzi wa Februari 1961. Viti vya kuchaguliwa na wananchi vilikuwa 53. Kati ya hivyo 33 vilikuwa wazi kwa wote, na 20 viliwekwa kando kwa rangi: 10 vya Wazungu, 8 vya Waasia, 2 vya Waarabu. Viti vingine 12 vilijazwa na wabunge wenyewe. Si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura: ujue kusoma na kuandika, au uwe umepita miaka 40, au uwe na kipato fulani. Kenyatta bado alikuwa amefungiwa, hawezi kugombea. Kwa hesabu za namna hii, chama kinaweza kupendwa na watu wengi na bado kikashindwa bungeni, kwa sababu viti vya kutengwa na vile 12 vinaweza kuegemea upande mwingine.

Pinto aliliona hilo mapema. Yeye na akina Chanan Singh walianzisha Kenya Freedom Party, chama cha Waasia waliotaka uhuru mara moja na waliokuwa bega kwa bega na KANU. Maana yake rahisi: vile viti vya Waasia visiachwe viende kwa wenye maduka waoga tu. KANU ilipofungua milango yake kwa watu wa rangi zote, chama hicho kikavunjwa, wanachama wakaingia ndani. Ni wangapi leo wanaweza kuanzisha chama, wakakitumia kwa kazi iliyokusudiwa, halafu wakakivunja bila kudai fidia ya uwaziri? Hapa kwetu tunavyo vyama ambavyo havijashinda hata kiti cha wadi na bado vina mwenyekiti wa maisha.

Pamoja na hayo alikuwa anaendesha kampeni ya kufunguliwa kwa wafungwa na kuwasaidia jamaa zao. Kaulimbiu ya KANU ilikuwa uhuru pamoja na Kenyatta, na familia za waliozuiliwa zilikuwa ushahidi unaotembea wa kaulimbiu ile. Na alianzisha gazeti la chama, Sauti ya KANU. Mpanga mikakati asiye na njia ya kumfikia mpiga kura kwa lugha yake ni mtu anayepiga kelele chumbani peke yake, na Pinto aliyajua haya kwa sababu alitoka kwenye chumba cha habari.

KANU ilipata viti 19 vya wazi, KADU ya mzee wetu Ronald Ngala ikapata 11. Kisha KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe, na Ngala akaunda yeye akiungwa mkono na wengine bungeni. Ile hatari ya hesabu ndiyo hiyo iliyotokea. Walioshinda kwa watu walikaa upinzani.

Niseme ukweli wangu hapa, maana msomaji wa Pwani atakuwa anauliza. Pinto hakuwa wetu. Wazee wengi wa Pwani walikuwa kwa Ngala na majimbo, na wengine walikuwa kwa Mwambao, wakitaka Pwani iwe na njia yake. Pinto alifanya kazi usiku na mchana ili upande ule ushindwe, na ukashindwa. Uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilichukua viti 83 vya Baraza la Wawakilishi dhidi ya 33 vya KADU. Oktoba mwaka huo Sultani akakubali kuachia ukanda wake, na Novemba 1964 KADU ikajivunja na kuingia KANU. Wapo watakaosema mtu aliyesaidia kutuzika kisiasa hatustahili kumwandikia makala. Mimi naona ni kinyume. Aliyekushinda kwa akili ndiye wa kumsoma kwanza.

Tena si kila kitu upande wake ulishinda. Mwaka ule wa 1961 jimbo la Nairobi East, kambi ya Odinga ilitaka Dkt. Munyua Waiyaki amng'oe Tom Mboya. Walipiga hesabu kwamba jimbo limejaa Wakikuyu na Mboya ni Mjaluo. Mboya akapata kura zaidi ya elfu 31, Waiyaki hakufika elfu 3. Mpwa wangu alicheka sana hapo. Nikamwambia acheke polepole, maana ile kompyuta yake nayo imepanga watu kwa makabila.

Mboya na Pinto ndio mafundi wawili wakubwa wa siasa za wakati ule, na walikuwa pande mbili za chama kimoja. Mboya alijua jukwaa, alijua Marekani, alivaa vizuri na alitaka aonekane. Pinto alivaa ovyo, alipenda chumba cha nyuma, na rafiki yake mkubwa miongoni mwa vinara alikuwa Oginga Odinga. Kwa fedha zilizopatikana kwa msaada wa Nehru wa India ikaundwa kampuni ya Pan African Press, iliyochapa Pan Africa, Nyanza Times na Sauti ya Mwafrika, na Pinto akawa mwendeshaji wake. Wapinzani wake walimtuhumu kwamba ndiye mfereji wa fedha za nchi za kikomunisti kwenda kwa Odinga. Yeye alijiita msoshalisti waziwazi na hakuona haya. Lakini mfereji wa kweli hubaki na maji, na yeye hakubaki na kitu. Emma alifanya kazi ya usekretari ili nyumba iende.

Mwaka 1963 alichaguliwa kuingia Bunge la pamoja la Afrika Mashariki. Julai 1964 akaingia Bunge la Kenya kama mbunge wa kuchaguliwa na wabunge wenzake, bila jimbo. Fikiria: Mgoa, asiye na kabila nyuma yake, asiye na kijiji cha kumchinjia ng'ombe, anapata kura za wabunge. Hakuna alichokuwa nacho isipokuwa watu aliowafanyia kazi. Alikuwa pia akiwasaidia wapigania uhuru wa Msumbiji, maana Mreno aliyemkimbia Goa bado alikuwa amekaa jirani yetu kusini. Malcolm X alipopita Nairobi mwaka huo wa 1964, Pinto alikuwa miongoni mwa waliokutana naye. Desemba ikafunguliwa Lumumba Institute, chuo cha kufundisha makada wa KANU, na Pinto alikuwa katika bodi yake.

Chuo kile kiliogopwa kuliko bunduki. Ukifundisha makada wa wilaya nchi nzima, ukawa na magazeti ya lugha tofauti, na ukajua wabunge mmoja mmoja anataka nini na anaudhiwa na nini, basi unaweza kuhesabu vichwa bungeni kabla kengele haijalia. Mwanzoni mwa 1965 kulikuwa na wabunge wengi wa nyuma wenye uchungu. Ardhi ya Wazungu ilikuwa inanunuliwa na wakubwa wapya, na waliopigana walikuwa bado wanasubiri. Serikali ilikuwa ikitayarisha waraka wa sera ya uchumi, ule wa namba 10 kuhusu usoshalisti wa Kiafrika, ambao Mboya ndiye aliyekuwa fundi wake. Simulizi za waliokuwa karibu zinasema Pinto alikuwa akiandaa waraka wa kuupinga na kuhesabu kura za kuuangusha, wengine wakaongeza kwamba hesabu ile ingeweza kufika mpaka kwenye hoja ya kutokuwa na imani. Fitz de Souza alieleza miaka mingi baadaye kwamba Pinto na Kenyatta walirushiana maneno makali pale bungeni kuhusu ardhi.

Alionywa kwamba maisha yake yako hatarini, akajitenga na Nairobi kwa muda. Murumbi, wakati huo waziri wa mambo ya nje, rafiki yake tangu siku za Desai Hall, hakuamini kwamba jambo kama lile lingeweza kutokea katika nchi waliyoipigania pamoja. Akamshawishi arudi.

Jumapili ya tarehe 21 Februari 1965 Malcolm X aliuawa New York. Jumatano, tarehe 24, asubuhi, Pinto aliingia ndani ya gari lake nyumbani Westlands. Binti yake mdogo, ambaye hata miaka miwili hajatimiza, alikuwa kiti cha nyuma. Emma alikuwa tayari kazini. Gari lilipokuwa langoni watu wakamkaribia, risasi zikapigwa karibu karibu. Alifia hapo. Mtoto hakuguswa. Hakuna mwanasiasa aliyekuwa ameuawa namna hiyo katika Kenya huru kabla yake; baadaye, kama tujuavyo, walifuata wengine.

Vijana wawili walikamatwa haraka sana, Kisilu Mutua na Chege Thuo. Mahakama ilimwachilia Thuo na kumtia hatiani Kisilu, hukumu ya kifo, baadaye ikageuzwa kifungo cha maisha. Jaji Mkuu Ainley mwenyewe, katika hukumu yake, alikiri kwamba kesi ilionekana kama haijakamilika, kwamba huenda kulikuwa na wengine ambao hawakuletwa mbele yake. Kisilu aliendelea kusema si yeye aliyeua, kwamba aliambiwa aende kumtisha tu. Aliingia akiwa kijana, akatoka mwaka 2001, mzee. Miaka 35 na zaidi. Wale wengine wa Jaji Ainley hawajaletwa mpaka leo.

Waraka namba 10 ukapita bungeni miezi michache baada ya mazishi. Lumumba Institute ikafungwa mwaka huo huo. Machi 1966 KANU ilikutana Limuru, na mkutano ule ulipangwa kwa ustadi na Mboya: cheo cha Odinga cha makamu wa chama kikakatwa vipande vipande, kimoja kila mkoa, na kila kipande kikapewa mtu. Odinga akatoka, akaunda KPU. Kwa maoni yangu, Limuru ndiyo siku ambayo upande wa Odinga ulijua hasa ulichopoteza pale Lower Kabete Road. Walikuwa na wasemaji wengi. Wa kuhesabu hawakuwa naye. Na Mboya, mshindi wa Limuru, naye akapigwa risasi mjini Nairobi Julai 1969.

Septemba 1965 shirika la kimataifa la waandishi wa habari lilimpa Pinto tuzo baada ya kufa, sherehe ikafanyika Santiago, Chile, na Emma akaenda kuipokea. Miaka miwili baadaye alihamia Canada na watoto wake watatu. Kenya ilisubiri hadi 2008 kumweka kwenye stempu ya posta, katika kundi la mashujaa, wakati ambapo watu walikuwa wameshaacha kuandikiana barua.

Siku ile mpwa wangu alitaka kuiona nyumba. Nilimwambia sina haja ya kwenda kuchungulia lango la watu, twende City Park badala yake, si mbali na Westlands. Pinto amezikwa katika makaburi ya pale. Murumbi alikuwa makamu wa rais kwa miezi michache ya 1966, kisha akajiuzulu na kuachana na siasa kabisa, akakusanya vitabu na kazi za sanaa mpaka alipofariki 1990. Alikuwa ametaka azikwe karibu na Pinto iwezekanavyo, na yeye na mkewe Sheila wamelala pale City Park, hatua chache kutoka kwa yule aliyemwambia arudi Nairobi.

Tulisimama kidogo kimya. Mimi ni Muislamu na yeye alikuwa Mkatoliki kwa kuzaliwa, sikuwa na la kusoma, nikasimama tu. Kijana wangu alikuwa anapiga hesabu ya tarehe. Akaniambia zilikuwa zimebaki wiki tano Pinto atimize miaka 38. Yeye mwenyewe anatimiza 38 mwezi ujao. Simu yake ikaita, ni yule mgombea wake, akaitazama na kuirudisha mfukoni.